Perege wa Bwawa la Mwisho

Rukia hakuwa mtu wa kuogopa maji machafu. Miaka sita alikuwa amefanya kazi kwenye mabwawa ya maji taka chini ya mji wa Moshi, na harufu iliyowafanya wageni wazibe pua, yeye aliinywea chai. Maji ya vyoo yaliingia bwawa la kwanza yakiwa meusi, yakapita la pili na la tatu yakisafishika taratibu, hadi la mwisho walikoishi perege. Sampuli zilipelekwa maabara mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kipimo kilikuwa samaki hao. Wakiogelea, geti linafunguliwa, maji yanakwenda mtoni, na mfereji unayafikisha kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini. Wakifa, geti linafungwa na mkuu wa kituo anataka kujua nani alilala kazini.

Wiki hiyo alikuwa ametosheka kuona maji yakitikisika tu. Alhamisi asubuhi alikuwa ameshafungua geti alipowatupia perege makombo ya mkate. Wakaja juu wakigombania. Rukia akaduwaa. Wote walikuwa wadogo, urefu wa kidole, na wiki iliyopita walikuwa wakubwa kama kiganja.

Samaki hawarudi utotoni.

"Shikamoo, Mzee Basili," alimwita mlinzi, aliyekuwa akifagia mlangoni. "Wale samaki wakubwa wako wapi?"

"Marahaba," alijibu Basili, na kuendelea kufagia.

"Mzee wangu, nakuuliza."

Basili akaegemeza fagio ukutani. "Walikufa, mwanangu. Jumapili alfajiri niliwakuta wanaelea wote. Jumamosi gari la kunyonya vyoo lilikuja likamwaga kitu cha bluu, kinanuka dawa. Nikawafukia, nikanunua wengine kule Rau, kwa mtu anayefuga."

"Ndio hawa?"

"Hawa ni wa leo. Wa Jumapili walikufa. Wa Jumanne nao wakafa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuonea huruma. Wewe ungesumbuliwa, na mimi niliyeliruhusu lile gari ningefukuzwa."

Huruma gani hiyo, ya kumfumba mtu macho! Lakini Rukia hakuwa na muda wa kugombana na mzee. Alikimbilia geti, akazungusha gurudumu hadi maji yakakatika. Akampigia mkuu wa kituo, akamweleza yote kwa pumzi moja. Kisha akampigia Sophia, mdogo wake aliyeolewa Mabogini. Wiki hiyo zamu ya maji ilikuwa ya upande wao, na Sophia, pamoja na mimba yake ya miezi saba, alikuwa akipandikiza mpunga na wenzake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena.

Akadandia bodaboda. Njia nzima aliogopa. Siku tano alikuwa amefungua geti kwa mkono wake mwenyewe, akipiga mluzi.

Aliwakuta wanawake kumi na wawili wameinama ndani ya jaruba, maji yakiwafika magotini.

"Tokeni!" alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Tokeni majini! Maji yana sumu!"

Wakainuka, wakatazamana, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Sophia alitoka wa mwisho, mkono mmoja kiunoni, akakaa kwenye tuta. Rukia akapiga magoti mbele yake, akamshika mguu. Ngozi ya kifundo ilikuwa nyekundu, imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu.

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Sote tunawashwa." Sophia alikuwa akihema. "Mama Beatrice alitaka twende mabwawani tukaulize. Nikawakataza, dada. Niliwaambia anayefungua yale maji ni ndugu yangu wa tumbo moja, hawezi kutuletea kitu kibaya."