Bahari Iliyotoka Jasho

Mama mwenye mkono mwepesi, yule asiyeweza kupita kwenye sufuria ya mwanawe bila kuongeza kitu, na akae chini asikilize yaliyompata Esteria wa Magamba. Yaliisha kwa kicheko, ndiyo, lakini yaliponea chupuchupu.

Esteria alikuwa mtu wa wasiwasi tangu ujana wake. Kuku akichelewa kuingia bandani, yeye alishamwona tumboni mwa paka mwitu. Mwanawe Lightness alipofika miaka ishirini bila kazi, wasiwasi wote ukahamia huko na kujenga nyumba.

Ulikuwa mwaka ule maduka ya Lushoto yalipoanza kujaa tena. Sabuni za kuchagua, redio za kila rangi, na mitumba imetandazwa mpaka barabarani. Wageni nao walikuja na mabegi mgongoni kuangalia milima. Fundi Alphonce, seremala wa mjini, akaacha kutengeneza vitanda akaanza kuchonga meli ndogo za mbao, zenye bomba la moshi na vidirisha mfano wa punje za mtama. Meli zilipendeza sana. Shida ni moja, ukiiweka mezani inalala ubavu kama mbuzi mgonjwa.

"Meli inataka bahari ya kuisimamisha," alisema Alphonce. "Atakayenitengenezea bahari ana kazi hapa kwangu, kazi ya kudumu." Na mwenye nyumba moja ya wageni alikuwa ameshaagiza meli ya kuweka ukumbini.

Lightness akashuka mjini. "Shikamoo, fundi. Mimi nitaiweza."

Hakuwa amewahi kuiona bahari. Alphonce naye hakuwahi. Ndiyo maana akaweka sharti: bahari ikaguliwe na Salimu, mzaliwa wa Pangani, aliyepanda milimani kuchuma chai akaishia kuuza suruali za mitumba. Salimu akiikubali, kazi ni ya Lightness. Akiikataa mara mbili, atafutwe mtu mwingine.

Bahari yenyewe hutengenezwa hivi. Unachukua ubao, unakoroga ule unga mweupe wa plasta, ule wanaomfungia mtu aliyevunjika mguu, unaumwaga juu ya ubao, na kabla haujaganda unauchokoa kwa kijiko ili mawimbi yainuke. Meli inakandamizwa katikati plasta ingali laini. Ikishakauka unapaka rangi ya buluu, halafu vanishi ili ing'ae kama maji.

Lightness alifanya kazi siku mbili, kwa utaratibu wote aliofundishwa shambani. Salimu akaizunguka ile bahari, akajikuna kidevu.

"Dada, umepanda nini hapa?"

"Kivipi, kaka Salimu?"

"Haya ni matuta ya viazi! Yamenyooka, yamelingana, hata mvua ikinyesha udongo hauondoki. Bahari hailimwi, dada yangu. Maji hayana adabu, kila wimbi linakwenda kivyake. Usinidanganye, mimi bahari naijua mpaka kwa ulimi."

Karakana nzima ikacheka. Lightness naye alicheka, lakini njia yote ya kupanda Magamba alikuwa akiyatazama matuta ya watu. Nyumbani akamsimulia mama yake, neno kwa neno, huku wakipukuchua maharage.

Esteria akashika neno moja tu. Ulimi. Tobo! Kumbe huyu mtu wa pwani huionja! Ataramba bahari ya mwanangu, akute haina chumvi, na hiyo ndiyo mara ya pili.

Asubuhi Lightness akaupima unga wa mwisho aliokuwa nao kwenye bakuli, akaenda bombani. Hakuwa hata amefika kwenye migomba, Esteria ameshachota chumvi, konzi nzima, akaitupia kwenye bakuli, akachanganya kwa vidole. Kisha akatoka kuwapa kuku pumba, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kanisani.

Lightness akatia maji. Akakoroga mara tatu.

"Mama! Inaganda!"

"Inaganda vipi?"

"Inaganda, njoo ushike ubao!"

Hakukuwa na nafasi ya kupanga mstari. Lightness alipiga kijiko kulia, akapiga kushoto, akavuta, akachoma, mengine aliyainua kwa kidole. Meli aliyopewa na fundi akaipachika pua juu, kama inapanda mlima. Birika la chai lilikuwa halijachemka, na bahari ilikuwa jiwe.

Akakaa chini, plasta mpaka kwenye nyusi. "Nimeharibu. Haina hata tuta moja lililonyooka." Akalia.

Esteria alifungua mdomo, akaufunga. Angesema wakati ule, yangekwisha pale pale.

Unga mwingine haukuwepo, basi Lightness akaipaka rangi hivyo hivyo. Kulipokucha, ajabu: kwenye ncha za mawimbi kulikuwa kumechanua ukungu mweupe, laini kama povu la maziwa. Lightness akadhani ni baridi ya Magamba. Akapaka vanishi mabondeni tu, ncha akaziacha.

Siku ya gulio wakashuka wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Salimu mwanangu."

Salimu akainama. Akazunguka upande huu, akazunguka ule. Hakutania. Kisha akanyoosha kidole, akafuta povu kwenye wimbi moja, akakitia kinywani. Esteria akashika mwimo wa mlango.

"Ina chumvi," Salimu alisema taratibu. Halafu akapaza sauti mpaka wauza nyanya wakageuka. "Ina chumvi! Wallahi, fundi, hii ni Pangani! Tazama wimbi hili, halina adabu hata kidogo! Miaka tisa sijaiona bahari, leo naoneshwa na Msambaa!"

Alphonce akamvua msaidizi wake aproni, akamvika Lightness. Esteria alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kama mke wa diwani. Siri yake akaendelea kuikumbatia.

Wiki haikwisha, ukungu ukashuka. Sisi tunaujua ukungu wetu, unaingia ndani bila hodi, ukiweka chumvi kwenye kikopo inaloa. Asubuhi ya tatu Alphonce akapanda Magamba mwenyewe, amebeba kitu kimefungwa gunia. Akasalimu kwa Kisambaa, kwa heshima zote, akafungua.

"Bahari yenu inatoka jasho."

Kweli, ilikuwa inalia. Rangi ya buluu ilichuruzika mpaka ukingoni mwa ubao.

"Imelowesha kitambaa cha meza kule nyumba ya wageni," alisema Alphonce. "Lightness, umetia nini humu?"

"Plasta na maji, fundi. Basi."

"Nina maombi ya meli nne. Kama wewe mwenyewe hujui ulichotia, nitakupaje kazi? Bora uniambie sasa."

Lightness akatazama ubao, aproni ingali kiunoni. Esteria akaona ile kazi inavuka kizingiti inaondoka.

"Ni mimi," akasema. "Nilitia chumvi. Konzi moja."

"Chumvi!" Alphonce akashangaa. "Ya nini, mama?"

"Niliogopa Salimu ataramba."

Alphonce akamtazama. "Na kweli aliramba!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Esteria naye akashikwa. Lightness peke yake hakucheka.

"Mama, siku ile nililia. Ungeniambia, nisingelia."

Kicheko cha Esteria kikakatika. "Kweli, mwanangu. Nisamehe."

"Kwa hiyo ndiyo iliyoigandisha haraka," Lightness akasema, sasa anaongea na bakuli lake. "Na kwa kuganda haraka sikuweza kulima. Basi fundi, chumvi tuiache, nitakoroga kidogo kidogo, nipige kijiko haraka kama siku ile. Povu nitaweka chokaa."

Ikawa hivyo. Bahari ya tatu haikutoka jasho. Salimu aliiramba, akakunja uso: "Hii ni ya maji baridi. Lakini mawimbi ni yale yale, matukutu." Meli nne zikaondoka, na nyingine zikaagizwa.

Hadi leo, siku Lightness anapokorogea plasta nyumbani, husema kwanza, "Mama, kaa pale niione mikono yako." Esteria huketi kwenye kigoda, viganja wazi mapajani kama anayeombea mvua, akitoa amri zake zote kwa mdomo. "Huko kumenyooka! Vuruga, mwanangu, vuruga!" Na kikopo cha chumvi kimetundikwa juu darini, asikofikia bila kuomba ngazi.