Kitufe cha Kutoa Mwili

Kitufe kilikuwa cha kijivu. Karani wa mochwari alikibonyeza mara tatu, kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa aliyejifungia ndani, kisha akamtazama Kibodi juu ya miwani.

"Kinakataa, mwanangu."

"Hakikatai, mama. Kinasubiri hela."

Alijua, maana ndiye aliyekitengeneza. Kibodi lilikuwa jina alilobandikwa na dada yake siku alipomkuta amelalia kibodi ya kompyuta mezani, herufi zimemchora shavuni. Alikuwa fundi wa programu za kompyuta, hana bosi wala mshahara, ofisi yake kitanda na meza moja yenye mguu wa tofali. Mwaka uliopita mwenye mochwari hii alimwita amtengenezee mfumo. Huyo alipenda kuitwa Mkurugenzi, ingawa wengi wa aliowaongoza walikuwa wamelala na namba miguuni.

"Huruma ya makarani wangu inanifilisi," Mkurugenzi alimwambia wakati huo. "Mtu akilia kidogo tu, maiti inatoka bure. Nitengenezee kitu kisichojua machozi."

Kibodi akakitengeneza. Deni likibaki, hata la shilingi moja, kitufe cha kutoa mwili hakibonyezeki. Na kila siku, saa sita mchana kamili, mfumo unaongeza siku moja kwenye bili wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Wiki mbili alikesha nao, na ulipokubali alicheka peke yake chumbani kama mwehu kwa fahari.

Sasa kwenye jokofu namba tisa alikuwa amelala shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyewalea, yeye na dada yake. Ndiye aliyeuza kabati la vyombo ili kijana apate kompyuta ya kwanza, na tangu siku hiyo sahani za nyumba ile zilikaa kwenye ndoo. Alipofia hospitali, chumba cha maiti cha kule kilikuwa kimejaa, akaletwa huku. Michango ya ndugu ilimezwa na bili ya hospitali. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi, na nje ya geti gari la kubebea jeneza lilikuwa limewashwa tayari.

"Saa ngapi?" Dada, aliyesimama kando yake, aliuliza.

"Sita kasoro dakika kumi."

"Na huna namna ya kuingia kwa nyuma? Si wewe uliyejenga nyumba?"

"Funguo zote nilimpa mwenye nyumba."

Dada alishusha pumzi. Alikuwa fundi cherehani, na jambo hilo la kukabidhi kazi kabla ya malipo walishaligombania hadi wakachoka. Kwake, mteja anaweka nusu ya hela kabla mkasi haujagusa kitambaa, na shati likiisha linaning'inia ukutani mpaka nusu ya pili iingie kwenye kopo. "Mwenyewe analitazama tu, mate yanamtoka," alikuwa akisema. "Wewe mdogo wangu unamvisha mteja kwanza, halafu unamkimbiza barabarani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kukabidhi kazi, Mkurugenzi alimwagizia soda, akamwambia wahasibu wanataka maneno yote ya siri wakague mfumo ndipo walipe. Mkataba? Walikubaliana kwa mdomo, wakapeana mikono. Malipo ya awali? Aliona haya kumwomba mtu mzima. Kuacha kimlango cha siri aliwahi kukifikiria, akakitoa mwenyewe, akasema kazi safi haina uchawi ndani. Akaandika maneno ya siri kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Kesho yake yote yalikuwa yamebadilishwa, na Mkurugenzi alikuwa kikaoni. Kikao hicho kilikuwa na miezi mitano sasa, hata Bunge linapumzika.

"Nitauza cherehani," Dada alisema.

"Halafu tule nini, vifungo?"

Hakungoja jibu. Akapanda ngazi kwenda ofisini, Dada nyuma yake.

Mkurugenzi alisimama kuwapokea, akawashika mikono kwa mikono yake miwili, kila mmoja kwa zamu. "Poleni sana, wanangu. Poleni. Mama wa watu."

"Ni shangazi," Dada alisema.

"Shangazi ni mama."

Kibodi hakukaa. "Mzee, tusizungushane. Wewe unanidai siku sita za jokofu. Mimi nakudai mfumo mzima, mara kumi ya hizo. Kata chako humo, tumchukue mtu wetu. Kinachobaki utanilipa ukitoka kikaoni."

Mkurugenzi alitabasamu kwa huzuni, kama daktari mwenye majibu mabaya. "Unanidai kwa karatasi ipi?"

"Tuliongea hapa hapa. Nilikaa kwenye kiti hiki."

"Basi kiulize kiti."

Dada alisonga mbele. "Mzee, maiti iko chini."

"Najua, binti yangu, na mimi nina roho. Tatizo ni huu mfumo wa ndugu yako. Hata mimi kitufe hakinitii mpaka niandike kwamba bili imelipwa. Kijana ana akili nyingi mno." Alivuta droo, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Haikuwa na kunyanzi hata moja. "Lakini naweza kuandika hivyo. Na wewe uandike kwamba umelipwa. Tumalizane kama watu."

Kibodi alisoma. *Nimepokea malipo yote ya kazi ya mfumo. Sina dai lolote, sasa wala baadaye.* Jina lake lilikuwepo kamili, herufi zote sawasawa. Mtu ambaye miezi mitano hakulikumbuka kwenye simu alikuwa amelihifadhi vizuri.

"Hii uliiandaa lini?"

"Nilipoona jina la ukoo wenu kwenye orodha ya jokofu."

Kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya bega la Mkurugenzi, orodha ya majokofu ilikuwa wazi. Kibodi aliikodolea namba tisa. *Siku: 6.* Saa ya kona ilisoma saa sita kasoro dakika moja. Akaihesabu dakika hiyo, sekunde kwa sekunde. Sita ikapepesa, ikawa saba.

Haikuchelewa hata sekunde. Hakuna aliyeigusa.

"Kanunue kalamu, basi, au unataka yangu?" Mkurugenzi aliuliza kwa upole.

"Usisaini," Dada alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Chini honi ya gari ililia mara mbili.

Kibodi alisaini. Mkurugenzi akaikunja karatasi, akaifungia kwenye droo, akachukua na ufunguo. Ndipo alipogeukia kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na kitufe kikawa cha kijani. Printa ikakoroma, ikatema kibali. Dada alikichukua, akakisoma mpaka mstari wa mwisho, akamwonyesha mdogo wake kwa kidole.

*Ahsante kwa kulipa kwa wakati.*

Maneno hayo aliyaweka Kibodi mwenyewe. Aliona yataleta heshima.

Walikuwa mlangoni Mkurugenzi alipowaita. "Halafu, kijana wangu, kwa kuwa upo. Huu mfumo kila mwisho wa mwezi unakwama kidogo. Utazame tu, dakika tano, haitachukua muda."

Kibodi aligeuka. Alishajua unapokwama, alilijua kosa lile tangu siku ya kukabidhi, alikuwa amepanga kulirekebisha akishalipwa. Miguu yake ilipiga hatua moja kurudi mezani, kwa mazoea tu, mkono wa kulia umeshanyooka kuelekea kwenye kipanya.

Dada akamshika kiganja. Alikibana mpaka kikauma, kama alivyokuwa akimshika utotoni wakivuka barabara.

"Nusu kwanza," alimwambia Mkurugenzi. "Na kwa maandishi."

Mkurugenzi alicheka, akadhani ni utani wa msiba. Alikuwa bado anacheka walipofika chini, ambako karani alishaufungua mlango wa jokofu na kuvuta treya, na Kibodi akaenda kushika upande wa kichwa.