Éliakim Harudi Butembo

Emérence alimtoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Vijana wa mtaa walikuwa wameshaleta tairi na petroli uani, na Éliakim, mtoto wa miaka kumi na tano, alikuwa amejikunja jikoni nyuma ya magunia ya makaa. Yeye na wenzake wakubwa walikuwa wamemvizia Vagheni, dereva wa pikipiki ya abiria, wakamkata panga mkononi na kumnyang'anya pikipiki yake. Wakubwa walitoroka. Yeye alikimbilia kwa mama yake.

"Mama, usinitoshe inje."

"Nakutosha juu uishi, mutoto yangu."

Alimfunika kitenge, akampitisha nyuma ya nyumba mpaka polisi. Usiku ule alilala akimshukuru Mungu.

Polisi wakampeleka mji wa Beni, gerezani, wakamtia chumba kimoja na watu wazima. Kila mama yake aliposhuka kumwona alimkuta amekonda zaidi, tena hamtazami usoni.

Hatimaye jaji wa watoto alimwita Vagheni. Mkono wake haukuweza tena kukunja ngumi, wala kushika usukani. Emérence alijikaza kusubiri maneno makali.

"Juge, mukono yangu haitarudi," Vagheni alisema. "Lakini huyu akibaki mule na bale bakubwa, atatoka na kukata bengine. Arudi kwa mama yake. Aniombe musamaha mbele ya batu."

Jaji akakubali. Emérence akapiga magoti mbele ya Vagheni.

"Simama, mama. Sijamusamehe bado. Nasema tu kweli."

Emérence alipanda kurudi Butembo mbio mbio, akasafisha chumba cha mtoto. Lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Vijana walimngoja kwenye kona.

"Akikanyaga hapa, tunamuchoma pamoja na nyumba."

Vagheni alikwenda kuzungumza nao. Wakamjibu, "Mukono ni yako, lakini mutaa ni yetu." Chef de quartier, mkuu wa mtaa, alitazama chini. "Mama Éliakim, siwezi kubazuia. Umutafutie fasi ingine."

Siku ya kufunguliwa, Éliakim alitoka amevaa ndara za mtu mwingine. Mama yake alimshika bega, wakatembea mpaka mahali pa magari ya Mutwanga, ambako Kasonia, kaka yake Emérence, analima kakao.

"Mama, hii hapana gari ya Butembo."

"Utakaa kwanza kwa noko Kasonia. Mpaka batu batulie."

"Na Vagheni? Nilijifunza vile nitamuomba musamaha."

"Ambia mimi. Nitamufikishia."

Kabla Éliakim hajaanza, dereva alipiga honi. Mtoto akapanda juu ya magunia, na gari lilipoondoka akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, mbele ya abiria wote. Emérence alikimbia kando ya gari akilishika ubavuni, mpaka likamshinda.

Aliporudi nyumbani jioni alimkuta Vagheni mlangoni kwake, amevaa shati lake la kanisani, amesimama tangu mchana. Alikuwa amekuja ili vijana, wakitaka kuingia, wapite kwake kwanza.

"Mutoto iko wapi?" aliuliza, akiangalia barabara nyuma yake.

Emérence alikaa chini pale pale, vumbini, akajifunika kitenge usoni.