Wimbo wa Baba Akitoka Getini

Mzee Yotamu alikubali kupigwa picha kwa sharti moja. "Usinionyeshe kama mtu wa kufa," alimwambia mwanawe Brayson. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo. Jioni ataiangalia hiyo filamu ya masomo ya Brayson, na akiikataa, haiendi chuoni Iringa wala popote.

Filamu inaanza na yeye mwenyewe. Anafungua geti la nyumbani, Ilomba, anatoka na fimbo yake, polepole mpaka unatamani umsukume. Kilichobaki ni muziki wa hapo.

Crispin, mwenzake Brayson wa darasani aliyekuja naye kutoka Iringa, alikuwa ameshachagua wimbo wa kwaya. Sauti za kina mama, kinanda kinalia kwa mbali.

"Hii inagusa, mwanangu," Crispin akasema.

"Inagusa mno. Ndiyo shida yenyewe."

"Kwa laptop huwezi kujua. Tuweke spika kubwa, kama ukumbini."

Spika ilikuwepo, ya kaka yake Brayson anayepiga muziki kwenye harusi. Wakaitoa nje uani asubuhi hiyo, wakafungulia. Wakarudia, wakarudia tena. Brayson macho kwenye picha, hajui anamwona baba yake anatoka au anatolewa.

Mara geti likafunguka. Mama Atuganile, jirani, kitenge kiunoni, kuni kichwani. Hakupiga hodi. Akatua kuni, akakaa chini ukutani, akaanza kulia. Nyuma yake wakaingia kina mama wengine. Halafu Gideoni wa mtaa wa juu, kwenye bodaboda, kakumbatia turubai.

"Poleni sana," Gideoni akasema. "Imetokea saa ngapi?"

"Nini?"

"Jikaze, mdogo wangu. Tuambie tu, mwili uko hospitali au uko ndani?"

Hapo ndipo Brayson akaelewa. Nyumba ina mgonjwa, kwaya inalia uani tangu asubuhi. Nani angekaa kwake?

"Mwili uko ndani, unakunywa uji," ikajibu sauti mlangoni.

Mzee Yotamu alikuwa kasimama na fimbo yake. Mama Atuganile akamtazama, machozi bado yanamtoka.

"Tata, mzee wetu, kumbe upo?"

"Nipo. Endelea kulia kama hujamaliza."

"Na kuni zangu nimebeba toka kule."

Brayson hakucheka. Barabarani watu walikuwa bado wanakuja, kundi kwa kundi, na mama yake alikuwa sokoni Uyole. Akampigia haraka kabla mtu mwingine hajampigia, akamwambia Baba mzima, usimsikilize mtu. Hilo nalo likamtisha mama vizuri tu.

"Badilisheni hicho kitu," mzee akasema.

Crispin akabonyeza cha kwanza alichokiona: gitaa la haraka na ngoma, kitu alichotengeneza mwenyewe na kuona haya kumsikilizisha mtu. Kule barabarani watu wakasimama. Kijana mmoja akalitazama koleo lake kama amepewa kwa makosa. Msibani hakupigwi hivyo.

Na kwenye laptop picha ilikuwa inaendelea. Baba anafungua geti, anatoka polepole vilevile, ila sasa kama mtu anayekwenda kuvuruga kikao cha watu.

Mzee akainama kutazama.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Irudie."

Akaangalia mpaka mwisho. Akainua macho, akawapitia waliojaa uani, mmoja mmoja, mpaka kule getini.

"Rafiki yangu Liberatus hajaja kunililia?"

"Hajaja, Baba."

"Anakaa nyumba ya pili tu hapo."

Mama Atuganile akajifanya anapanga kuni. Mzee akavuta kiti, akakaa mbele ya spika, fimbo magotini.

"Ongeza sauti, Liberatus asikie kwamba nipo," akasema. "Na filamu hivyo hivyo ipelekeni Iringa."