Sahani ya Tomi

Daktari wa mifugo alimpandisha Tomi kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. "Mama, uzito huu ni wa mbwa wawili. Moyo wake umechoka. Akiendelea hivi, Krismasi hataiona."

Mimi Nasambu sibembelezi mtu. Jioni hiyo hiyo, mwezi wa nane 1996, nilipita mlango kwa mlango kwenye laini yetu ya nyumba hapa Makongeni nikatangaza: marufuku kumtupia Tomi mandazi, chapati wala mifupa. Atakula kwangu tu, asubuhi na jioni, kama daktari alivyoagiza: mapafu ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko, sukuma wiki ya kuchemsha na ugali kidogo.

"Mama Marion, siku hizi hiyo mbwa yako imekuwa mzungu?" Nerima, jirani yangu, akanicheka.

"Cheka tu, lakini mandazi zako kula mwenyewe."

Wote waliahidi. Wananijua.

Mwezi ukaisha, nikamrudisha kwa daktari. Hakuwa amepungua hata robo kilo! Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Nilipomzika mume wangu, watu walikaa nami wiki moja wakaenda zao. Tomi alibaki. Singekubali afe kwa sababu ya huruma ya mtu asiyejua kushika ahadi.

Kesho yake saa saba mchana nilimfungulia, nikamfuata nyuma. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, kwa Mzee Shitanda, mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe wakati wa Pasaka. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amepakua sahani mbili, moja mezani, nyingine ndiyo kwanza anaiweka sakafuni.

Niliinyakua kabla Tomi hajaifikia. "Mzee! Si uliniahidi?"

"Niliahidi, mwanangu." Hakuniangalia. "Lakini tangu mama yenu aende, chakula hakishuki nikiwa peke yangu. Huyu akila, na mimi nameza mawili matatu."

Maneno makali nilikuwa nayo tayari. Kisha nikatazama sahani mkononi mwangu: nyama vipande vinne na mchuzi. Nikatazama ya mzee mezani: ugali na chumvi.

"Nyama yote unampa mbwa?"

"Sasa nifanyeje? Yeye ndiye mgeni."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mwezi mzima nilikuwa nikimpimia mbwa mboga kwa kijiko, na milango mitano kutoka kwangu mtu anakonda, sina habari.

Nikamwekea mzee ile nyama mbele yake. "Kuanzia leo Tomi atakula hapa hapa na wewe, lakini chakula chake naleta mimi. Na chako pia naleta mimi. Usibishane nami."

Tomi alitazama sahani ikipanda mezani, akaanza kulia.

"Ana njaa," mzee akasema, kipande kikiwa tayari kimeelekea sakafuni.

"Mwache na njaa yake," nikamwambia. "Wewe tafuna."