Matofali ya Mama Wangui

Nyumba zetu za mbao zilikuwa bondeni, chini ya mtaa wa Skuta, mahali ambapo maji ya mvua hupita sakafuni kwanza ndipo yaende mtoni. Mwenye kiwanja alitaka kujenga ghorofa. Alituambia mapema kwamba tingatinga lingekuja baada ya Pasaka, na kwa hilo nilimshukuru, maana wengine huambiwa na tingatinga lenyewe.

Sisi akina mama wa kikundi tulikuwa na kipande chetu cha ardhi ng'ambo ya mto. Jyoti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alituazima mashine ya kushindilia matofali. Unatia udongo mwekundu na simiti kidogo, unavuta mkono wa chuma, tofali linatoka. Halichomwi, kwa hivyo hakuna mti unaokatwa, na udongo ni ule ule uliochimbwa kwenye msingi. Jyoti hakutaka malipo. Alisema tu, "Mnirudishie ikiwa safi, mama. Hiyo ilikuwa ya baba yangu."

Tulikubaliana nyumba ya kwanza iwe ya Wakiuru, ambaye sote tunamwita Mama Wangui. Hakuna aliyebisha. Kila mmoja wetu alikuwa na mtoto wa kiume mahali fulani, au kipande cha shamba la mume. Yeye alikuwa na Wangui peke yake, na Wangui ameolewa Wang'uru, kwa wakulima wa mpunga. Kwetu mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Atakwenda kuona wajukuu, atakunywa chai, atafungiwa mchele wa kubeba, lakini jua likianza kushuka anajifunga leso na kurudi kwake. Na huwezi kurudi kwako kama huna kwako.

"Nikikosa hii nyumba nitaenda wapi?" aliniambia tukichekecha udongo. "Nilale kwa mkwe wangu Munene, nimsikie akikoroma? Heri nilale kwa steji ya matatu."

"Na steji watakusikia wewe ukikoroma," nikamwambia, naye akacheka hadi akaliweka chekecheke chini.

Fundi aliyetufundisha kutumia mashine alikuwa kijana anayeitwa Gatimu. Alikuwa mpole na alituita cucu, yaani nyanya, hata wale wasiotaka kuitwa hivyo. Kabla ya kwenda kazi nyingine Nanyuki alituonyesha karatasi kubwa za nailoni.

"Hizi matofali mzifunike vizuri mpaka nirudi," akasema.

"Ati tufunike vizuri!" Watiri akamcheka. Watiri alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye vitanda vya kuanikia kahawa. "Kijana, sisi tulikuwa tunafunika kahawa kabla mama yako azaliwe."

Gatimu akacheka naye, akapanda bodaboda akaenda.

Basi tukayatunza matofali yale kama kahawa. Jua likitoka asubuhi tulikuwa tumeshafunua. Wingu likionekana upande wa mlima, Watiri alipiga kelele na sote tukakimbia na nailoni. Siku za soko, tukiwa hatupo, mzee Kahiga, jirani wa kipande chetu, alichechemea kutoka kwake na kuyafunika peke yake, ingawa goti lake lilikuwa bovu na hakuna aliyemwomba. Matofali yakakauka vizuri, yakawa mepesi na ya rangi ya kupendeza. Mama Wangui aliyapangusa vumbi kwa leso yake.

Gatimu alichelewa kurudi, na Pasaka ilikuwa inakaribia. Kahiga alikuwa fundi wa mawe ujanani, akajitolea kujenga. Kuta zikapanda, dirisha likakaa. Mama Wangui aliingia ndani kabla ya paa, akasimama kwenye kona ambapo angeweka kitanda. Alikuwa amevua viatu.

Mvua ilikuja mchana, tukiwa tunangoja mabati. Mama Wangui alikuwa amekwenda kutupikia chai. Tuliona matofali ya chini yakiwa meusi, kisha yakaanza kumong'onyoka, udongo mwekundu ukishuka kama uji. Kahiga alipiga kelele tutoke. Ukuta wa nyuma uliinama taratibu, ukaanguka, na ule wa pembeni ukaufuata. Mama Wangui alirudi na birika na vikombe akatukuta tumesimama mvuani. Aliangalia. Halafu akatumiminia chai, mmoja mmoja, akianza na Kahiga.

Gatimu alifika kesho yake. Aliokota tofali lililokuwa bado zima akalivunja kwa vidole.

"Mlikuwa mnazinyunyizia maji?"

"Maji ya nini?" Watiri akauliza. "Tulikuwa tunaanika."

"Mlikuwa mnafunua?"

"Si lazima jua lipite? Ama yangekauka aje?"

Gatimu alikung'uta udongo mikononi. "Cucu, simiti inataka unyevu ndio ishike. Nailoni ilikuwa ya kuzuia jua." Akajifuta uso. "Sikuwaeleza vizuri. Nilifikiri mmejua."

Watiri alikaa chini kwenye matope. Mama Wangui ndiye aliyemwinua. "Wewe ulikimbia na hiyo nailoni kuliko mimi," akamwambia. "Inuka, utashikwa na baridi."

Hapakuwa na simiti nyingine, wala wakati. Tingatinga lilikuja kama tulivyoambiwa. Nilikuwa nimemwomba Mama Wangui aje nami kwa mwanangu Mwai, lakini alipoona chumba kile kimoja, na watoto wanavyolala wamepangana hadi mlangoni, alinishika mkono na kusema, "Usiwaamshe kwa ajili yangu."

Munene, mkwe wake, alikuja na pikapu. Alivua kofia akasimama mbali kidogo, macho chini, kama inavyotakiwa mbele ya mama mkwe.

"Mama, Wangui ametandika kitanda," alisema. "Mimi nitakuwa nikilala kwa stoo ya mchele. Blanketi yangu iko huko tayari."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upate kwako."

Mama Wangui aliangalia ng'ambo ya mto, kwenye rundo lile la udongo. Sote tulijua mashine ingerudi kwa Jyoti na kwamba kikundi sasa kingetawanyika, huyu Karatina, yule Othaya. Kisha akainama kukunja godoro lake.

Tulipakia godoro, sufuria na kiti. Munene alimfungulia mlango wa mbele, lakini yeye akazunguka, akapanda nyuma, akakaa juu ya godoro huku ametuelekezea uso. Munene hakubishana naye. Alivua koti lake akaliweka ukingoni mwa pikapu bila kumtazama, akaenda kuketi kwenye usukani.

Mama Wangui alingoja hadi gari lilipoanza kwenda ndipo akalichukua, akajifunika magoti.