Kiwanda Kisicho na Taka

Asnath alifagia kiwanda cha tangawizi miaka sita, huku juu milimani, na hakuna aliyewahi kumwona akimwaga kitu. Maganda aliwagawia wanawake wa kijijini, wakayaanika kwa ajili ya chai. Maji ya kuoshea tangawizi yalishuka kwa mfereji hadi migombani. Hata majivu ya tanuri yalikuwa na wenyewe, wa kuchanganya na maharage yasibunguliwe.

Basi mnunuzi wa ng'ambo akaandika barua: kuanzia sasa atanunua tu kwa kiwanda chenye uchumi wa mzunguko, yaani kinachorudisha taka zake kwenye matumizi. Mwenye kiwanda, Bwana Eliakimu, akashuka Same kumpokea mtaalamu, binti aitwaye Agatha, mwenye buti mpya na kishikwambi.

Agatha alizunguka kiwanda mara mbili, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Taka mnarundika wapi?"

"Hatuna," Asnath akajibu.

"Kila kiwanda kina taka, dada."

"Labda vya mjini."

Agatha akaonyesha fomu. "Hapa wanataka kilo za taka mnazozalisha, na hapa kilo mnazorudisha kwenye matumizi. Nikiandika sifuri na sifuri, ina maana hamjaanza."

Eliakimu akamgeukia Asnath kama mtu aliyegundua wizi. "Miaka yote hii nakulipa ufagie taka, kumbe hazipo? Mtaalamu anarudi Ijumaa. Akikosa lundo hapa, ufagio unauacha, unakwenda zako."

Kwenda zake wapi? Asnath hakuwa na shamba. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na ufagio wenyewe wa kiwanda.

Jioni hiyo alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba msaragambo. Mwenyekiti akakubali, maana kazi ya wote haikataliwi: Ijumaa asubuhi, kila aliyewahi kuchukua maganda ayarudishe kiwandani kidogo.

Lakini Mpare haendi msaragambo na kitu cha kumtia aibu mbele ya jirani. Wanawake walichambua, wakapepeta, wakaanika upya. Ijumaa wakapanda na ungo na ndoo zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Kiwanda kizima kikanukia kama chai ya harusi.

"Jamani, si nilisema taka?" Asnath akanong'ona.

"Mwanangu," akasema Bibi Justa, mkubwa wao, "nibebe uchafu mbele ya watu, waseme nimelelewa wapi?"

Agatha akatia mkono kwenye ungo, akanusa. "Hii si taka, Bwana Eliakimu. Hii ni malighafi. Inasagwa, inauzwa."

Macho ya Eliakimu yakang'aa. Siku ileile maganda yakafungiwa ghalani, mashine ya kuyasaga ikaagizwa Dar, na Asnath, badala ya kufukuzwa, akapewa koti la kijani na ufunguo wa ghala.

Wiki iliyofuata Bibi Justa akaja na beseni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipimie ya chai."

"Hayatoki tena. Ni mali ya kiwanda."

"Tangu lini?"

Asnath akatazama chini. "Tangu mlipoyaleta."

Bibi Justa akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tulijinyang'anya wenyewe, tena kwa vitambaa vya kufuma!" Akaondoka na beseni lake, hakuaga.

Mashine ikawa iko njiani. Mwezi ukapita, iko njiani. Mvua zikaja, ukungu ukalala kijijini siku tisa, na mle ghalani maganda yakaota manyoya ya kijivu. Asnath akamwambia bosi wayarudishe kwa watu kabla hayajaoza. Bosi akasema asiguse mali.

Agatha aliporudi, harufu ilimpokea getini. Akaziba pua, akafungua ghala, akatabasamu.

"Kilo mia nne! Sasa mmeanza."

Safu ya kwanza ya fomu ikajaa. Ya pili ingejaa mwakani, Agatha alisema, ilimradi lundo liwepo la kupunguza. Mnunuzi akafurahi, cheti kikaja kwenye fremu.

Eliakimu akamwita Asnath ofisini. "Kazi imekuwa kubwa. Nakupa mkataba wa kudumu, na msaidizi juu."

Asnath akasoma mkataba polepole, neno kwa neno, akasaini. Kisha akatoka kumwonyesha msaidizi wake mahali pa kumwagia maganda.